Kihariri changu cha kulipia kilinifungia mlango Kariakoo

Nimekilipia kihariri hiki cha kisasa, yaani programu ya kuandikia msimbo, zaidi ya mwaka, kwa dola, kila mwezi bila kukosa. Leo nawaambia wenzangu mnaoandika programu: msikitegemee. Hasira haijanitoka mpaka sasa.

Mnaikumbuka ile Mei ya 2024, nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika upande wa Afrika Kusini, nasi huku tukabaki tunatazama kiduara kikizunguka kwenye simu? Basi siku moja ya wiki ile nilipigiwa simu kabla sijanywa chai. Alikuwa mama mmoja anayeuza vipuri vya pikipiki kwa jumla Kariakoo. Mfumo wake wa mauzo niliutengeneza mimi. "Mwanangu, ankara zimegoma. Wateja wa mikoani wamejaa hapa na mabasi hayawasubiri."

Seva yake ni kisanduku kidogo chini ya kaunta. Kinahudumia kompyuta tatu za dukani kwa waya, na intaneti hakiihitaji kabisa. Kwa hiyo bahari ingekauka, duka lile lingeendelea kuuza. Nilimwamkia, nikavuta stuli, nikafungua kompyuta yangu na kubofya kihariri. Kikaleta dirisha moja tu katikati ya kioo: leseni haijathibitishwa, ingia upya kwenye akaunti. Nikabofya. Kikazunguka weee, kisha kikasema kimeshindwa kuifikia seva yao. Nikarudia. Nikawasha bando la mtandao mwingine wa simu, nikarudia tena. Msimbo uko kwenye diski yangu, mteja ni wangu, aliyelipia programu ni mimi, nayo imekaa mlangoni kama mgambo inadai ruhusa kutoka ng'ambo. Nyuma yangu kuna mzee wa Songea ameshika orodha ya bidhaa zake, anauliza kila baada ya dakika mbili kama bado.

Mtaniuliza kwa nini sikuyafungua mafaili kwa programu nyingine. Nilifungua, lakini sikujua nianzie wapi. Kutafuta fanksheni ilikoandikwa, kuingia kwenye hifadhidata, kupeleka mabadiliko kwenye seva, yote hayo nilizoea kuyafanya kwa vitufe vya ndani ya kile kihariri. Mikono ilikuwa imesahau. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hata leseni.

Nikampigia kaka mmoja niliyejifunza kazi kwake zamani. Hakunisimanga. "Dogo, tulia. Ingia kwenye seva kwa ssh, andika vim." Ssh ni njia ya kuiendesha seva kwa amri kutoka kompyuta nyingine, na Vim ni kihariri cha zamani cha bure. Nikaandika. Kikafunguka papo hapo, hakikuniuliza mimi ni nani. Kwenye ukurasa wake wa kwanza kuna mstari wa Kiingereza ambao miaka yote nilikuwa naupita tu: wasaidie watoto maskini wa Uganda. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alikaa Kibaale, Uganda, mwaka mzima wa 1994 akifanya kazi ya maji na usafi kwenye kituo cha watoto, na tangu hapo programu yake, ambayo ni ya bure, ikawa inamwomba anayeguswa achangie watoto wale. Alifariki mwaka 2023. Siku ile, nikiwa nimeinama chini ya kaunta, chombo chake ndicho pekee kilichokubali kufanya kazi.

Kosa lenyewe lilikuwa mstari mmoja. Namba za ankara zilihifadhiwa kama maandishi, na mfumo unapotaka namba mpya huchukua kubwa kuliko zote na kuongeza moja. Ankara zilipopita 99999 ikatoka 100000, ikakubalika. Iliyofuata? Kwa maandishi 99999 ni kubwa kuliko 100000, maana 9 inaizidi 1, basi mfumo ukatoa 100000 kwa mara ya pili, hifadhidata ikaikataa. Nikatafuta kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, nikabadilisha mstari uhesabu tarakimu kama tarakimu, Esc, nikaandika :wq, yaani hifadhi na utoke. Mashine ya ankara ikaanza kulia. Mzee wa Songea akasema alhamdulillah kabla yangu.

Mstari ule wenye kosa sikuuandika mimi. Kihariri changu cha kulipia kilinipendekezea, nikabonyeza Tab kuukubali, nikaendelea na safari. Ninachokiri ni kwamba sikuusoma.

Sasa niwe mkweli, maana nilitaka kukipa sifuri. Intaneti iliporudi nilikifungua, nikakiomba kipekue mradi mzima. Ndani ya dakika moja kilinionyesha sehemu nyingine mbili zenye kosa lile lile, moja ikiwa kwenye marejesho ya bidhaa, ambako sikuwa nimefikiria kabisa kutazama. Kwa macho na Vim ningezipata, lakini labda baada ya mama yule kunipigia tena. Kinapofanya kazi kinafanya kazi, na kijana anayeanza leo sitamkataza kukitumia. Nilikuwa tayari kuandika nyota nne.

Kisha nikaletewa jibu la huduma kwa wateja. Nilikuwa nimewaandikia kwa urefu, nikawaeleza duka, foleni, nyaya za baharini. Wakanijibu mistari miwili: tafadhali hakikisha una intaneti imara, kisha ujaribu tena. Intaneti imara! Nchi kadhaa za Afrika Mashariki zilikuwa zinahangaika wiki ile, habari ilitangazwa kila mahali, nao wananishauri kama mtu aliyesahau kuchomeka waya. Hakuna aliyesoma nilichoandika. Na siku hiyo hiyo kadi ikakatwa dola za mwezi.

Nyota mbili. Nimekibakiza kwa kazi za ofisini, ila kila ninapokwenda kwa mteja nazima intaneti kwanza, nafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kazi yote naifanya humo. Jumamosi kaka yule ananifundisha Vim upya tangu mwanzo. Mwezi uliofuata nilituma dola kama zile kwa ajili ya watoto wa Kibaale.