Sensa za matangi ya motohomu: ipi ununue kwanza na ipi uachane nayo

Motohomu nyingi, yaani magari yenye makazi ndani, zinatoka kiwandani na taa nne tu ukutani za kuonyesha kimo cha matangi, tupu, theluthi moja, theluthi mbili, imejaa, na ukishaitumia muda kidogo tangi la choo linaanza kusema limejaa hata kama umetoka kulimwaga sasa hivi. Basi watu wanakimbilia kununua skrini mpya wakati skrini haina kosa lolote, tatizo ni sensa, kile kifaa cha kupima kimo kilicho ndani ya tangi. Kwa hiyo hapa napanga sensa, hayo mambo ya skrini nzuri tutayaacha.

Namba moja kwangu ni utepe wa kubandika nje ya tangi, kama SeeLeveL ya Garnet. Haugusi maji kabisa, unasoma kimo kupitia ukuta wa plastiki, kwa hiyo uchafu hauugandi, afu unakupa asilimia badala ya taa nne, na matangi yote yanatumia waya mbili tu, mara nyingi zile zile za zamani. Shida zake ni mbili. Tangi la chuma haliwezi, hapo usipoteze hela yako. Pili lazima ufikie ubavu wa tangi, na kama limefichwa chini ya sakafu na kufunikwa basi jiandae kulala chali na kufungua bati. Safisha na kausha ukuta kabla ya kubandika, na kaa mbali na fremu ya chuma manake inavuruga usomaji.

Namba mbili ni sensa ya presha inayokaa chini ya tangi na kupima uzito wa maji yaliyo juu yake. Hii inafaa hata tangi la chuma, na kwa maji safi sioni ya kuishinda. Ila angalia kipimo chake kabla hujalipa: maji ya kimo cha sentimita 30 yanatoa presha kama bar 0.03 tu (bar ni kipimo cha presha), sasa ukinunua sensa ya bar 0 hadi 1 utakuwa unatumia kipande kidogo mno cha uwezo wake na namba zitarukaruka. Tafuta ya bar 0.1. Zile zinazotuma kipimo kwa mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20 nazipenda kwa sababu tangi tupu ni miliampea 4, waya ukikatika inasoma miliampea 0, unajua palepale kuna hitilafu. Kwenye choo siipendekezi, kijitundu chake kinaziba.

Tatu, ya mawimbi ya sauti inayofungwa juu ya tangi. Sawa kwa maji safi, lakini povu la sabuni na karatasi vinaichanganya, na sentimita chache za juu karibu na sensa haizioni kabisa, na hapo ndo ulikuwa unataka kujua zaidi.

Nne, boya. Ni rahisi, linaeleweka, weka kwenye maji safi tu. Hakikisha ohm zake (ukinzani wa umeme) zinalingana na geji yako, za Marekani huwa 240 hadi 33, za Ulaya mara nyingi 0 hadi 190 au 10 hadi 180, ukichanganya geji itasoma kinyume au upuuzi.

Mwisho kabisa ni zile skrubu za kutoboa ukuta wa tangi, ndo hizo za kiwandani. Kwa maji safi zinavumilika. Kwa choo hapana, hata upige dawa gani, mabaki na karatasi yakiunganisha skrubu mbili tu umeme unapita na taa inawaka.

Kama hela inatosha tangi moja tu, anza na la choo. Maji ya sinki yakijaa yanapanda kwenye sakafu ya bafu na utayaona, maji safi yakikaribia kuisha pampu inaanza kukohoa, lakini choo hakikupi onyo la kistaarabu. Wenye choo cha kaseti, yaani chenye tangi dogo la kuchomoa, hawahitaji haya, kaseti nyingi zina taa ndogo nyekundu inayowaka ikijaa.

Jambo moja linasahaulika: tangi lenye umbo la ajabu, lililokatwa kupisha tairi, nusu ya kimo sio nusu ya lita. Chagua mfumo unaoruhusu kuingiza vipimo vyako, afu jaza kwa ndoo yenye alama za lita huku unaandika kila hatua, na gari liwe limesimama usawa, manake likiinama sensa iliyo upande mmoja itakudanganya hata ikiwa ya bei mbaya.