Fundi wa kujalidi Ngamiani: uzi mzuri, kisu kibaya

Nilipeleka daftari la tenzi za babu kwa fundi mmoja wa Ngamiani, Tanga, Barabara ya 8. Ndani mna nakala ya barua aliyomwandikia tajiri wa mkonge mwaka 1951, akiomba shilingi 400 za kuchapisha kitabu. East African Literature Bureau, shirika la kuchapisha vitabu, ilikuwapo tangu 1948, lakini makao yake Nairobi, na babu hakuwa na subira ya posta. Kaahidi jina la tajiri litangulie hata Bismillahi! Mama akisikia hapo hucheka mpaka machozi.

Jalada ni kitambaa cha kijani, limeshonwa kwa mkono, limekaza. Kwa 15,000 sina neno. Ila kisu! Fundi kanyoosha kingo bila kuuliza, kakata maneno ya pembeni yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Yamebaki mawili tu: "Tajiri kasema". Na sisi miaka yote tulijua jibu halikuja.

"Si pembeni tu, dada?" akaniambia, akanipunguzia 2,000.

Daftari jipya mpelekeeni. La zamani, mwambieni mapema kisu akiweke kando, na msimame hapo hapo mpaka amalize.