Injini Inayoendeshwa na Kikombe cha Maji ya Moto: Ninunue au Niache?

Karibuni tena wapendwa, na leo msiruke mbele! Hiki kidude hapa mezani kinazunguka bila petroli wala betri. Kimekalia kikombe cha maji ya moto, basi. Ni injini ya Stirling, injini ya hewa moto. Vipimo viko kwenye boksi, sivisomi.

Sogea na kamera hapa. Bamba la chini linapata joto la maji, la juu linapozwa na hewa ya chumbani. Katikati yake kuna sahani ya povu, inapanda na kushuka. Tazama ukingoni: haigusi ukuta! Imeachiwa nafasi makusudi, kwa sababu kazi yake ni kuhamisha hewa tu. Ikipanda, hewa inakimbilia chini, inapata moto, inatanuka, inaisukuma hii pistoni ndogo. Ikishuka, hewa inahamia juu, inapoa, inasinyaa, pistoni inarudi. Hewa ni ileile, haitoki nje, ndiyo maana husikii mlio wa ekzosi. Na sahani inaitangulia pistoni robo mzunguko, kwa hiyo ukiona krenki hizi mbili zimepishana, usizinyooshe!

Sasa naondoa kikombe, naweka barafu. Nasubiri... nalisukuma gurudumu... Mmeona? Linazunguka kinyume! Injini inataka tofauti ya joto tu, na sasa upande wa moto ni chumba chenyewe. Hapa ndipo inaponimaliza kabisa.

Tafadhali, msitie oili kwenye pistoni. Hii ni grafaiti ndani ya glasi, inateleza yenyewe, oili inaigandisha.

Robert Stirling, mchungaji wa kanisa Scotland, alipata hataza yake mwaka 1816, na leo Sweden wanazo kwenye nyambizi za aina ya Gotland kwa sababu ya ukimya wake. Ila kuchaji simu kwa hii, sahau. Kati ya maji yanayochemka na chumba cha nyuzi 25, hata injini kamilifu ingegeuza kama asilimia 20 tu ya joto kuwa kazi, na hii haikaribii hapo.

Bei inaniuma, kusema kweli. Zile za taa ya spiriti zina kasi zaidi, ila zimeficha kila kitu ndani ya chuma. Aah, nikiitazama tena hii, naona inastahili. Mwalimu wa fizikia, chukua hii. Unayetaka kuwasha taa, bonyeza kengele: video ijayo ni ya spiriti.