"Ni senti 25 tu, mama": nilivyofokewa kwenye duka la dola

Naandika hasira zikiwa bado hazijapoa, na sitaki zipoe kwanza. Duka lenyewe silitaji jina. Liko Columbus, Ohio, ni mojawapo ya yale maduka ya bei chee ambayo bado tunayaita maduka ya dola, ingawa siku hizi kitu cha dola moja mle ndani unakitafuta kwa tochi.

Nilikwenda na wifi yangu, mgeni kutoka Tanga, nimwonyeshe mahali pa kununua vitu vidogovidogo vya nyumba. Tukachukua sabuni ya vyombo, foili na mifuko ya taka. Lebo chini ya mifuko ilisema dola 1.25. Niliisoma vizuri, maana sasa kila shelfu ina bei yake. Kwenye kaunta mashine ikasoma 1.50. Nikamwambia keshia kwa adabu kwamba kule imeandikwa moja na robo. Akasema hana ruhusa ya kubadilisha bei, akamwita meneja.

Meneja alitoka nyuma na simu sikioni. Hakwenda kuangalia lebo. Hakuniangalia hata mimi. Aliitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Ni senti 25 tu, mama. Kama zinakusumbua, iache mifuko."

Mtu akacheka. Wifi akanishika mkono: "Wifi, twende zetu." Hakuelewa maneno yote ya Kiingereza, lakini dharau haihitaji mkalimani.

Senti 25 tu? Mbona mmeng'ang'ania kuzichukua, basi? Duka zima limesimama juu ya senti hizo. Anayeingia mle ni nani kama si mtu anayehesabu? Mimi nahesabu, jirani zangu wanahesabu, na yule aliyecheka nyuma yangu alikuwa ameshika kuponi. Ukiwaita watu kwa tangazo la "okoa pesa" kisha ukawaaibisha mbele za watu kwa kuziokoa, wewe si mfanyabiashara, umekosa malezi.

Sisemi bei zisipande. Mfumuko wa bei hapa Marekani ulifika asilimia 9.1 Juni 2022, na mapema 2025 mayai yalipita dola 6 kwa dazeni. Dollar Tree, waliokaa na bei ya dola moja kwa miongo mitatu na zaidi, walipanda hadi 1.25 mwishoni mwa 2021. 99 Cents Only walitangaza mwaka 2024 kwamba wanafunga maduka yao yote. Hayo nayaelewa. Pandisha, lakini andika kwenye lebo bei utakayonitoza.

Na tusidanganyane, hata bei chee yenyewe mara nyingi si chee. Jirani yangu Mkongomani ndiye aliyenifungua macho kwenye maziwa. Kikopo cha pinti moja unakiona cha dola 1.50, unafurahi. Pinti 8 ndizo galoni, kwa hiyo umenunua galoni kwa dola 12, wakati supamaketi ni kama dola 4. Sabuni nayo chupa imekonda, mifuko ya taka imepungua ndani ya boksi lilelile. Anayeumia ni yule asiyekuwa na dola 4 mkononi leo, mwenye moja na nusu.

Nilipofika nyumbani nikapekua habari, nikakuta kilio hiki si changu peke yangu. Mwaka 2022 Mwanasheria Mkuu wa Ohio alishtaki kampuni moja kubwa ya maduka ya aina hii kwa kosa hilohilo, shelfu inasema hivi na kaunta inasema vile, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1. Kwa hiyo mtu asiniambie ni bahati mbaya ya lebo moja. Ofisi ya mkaguzi wa kaunti ndiyo inayokagua mashine za bei hapa Ohio, na malalamiko yangu nimeshayapeleka, pamoja na picha ya lebo na risiti. Ndiyo, niliilipa ile 1.50, makusudi, ili niwe na risiti.

Niseme na la haki. Kadi za pongezi, karatasi za kufungia zawadi, baluni, sahani za sherehe: kwa kitchen party na komunyo zetu sijaona pa kushindana nao. Yule keshia alikuwa peke yake duka zima, anauza, anapanga mizigo, na njia zimezibwa na matoroli ya maboksi. Meneja alipogeuka, keshia huyo aliniambia samahani kwa sauti ya chini. Kwa ajili yake nilikuwa nimeandika hapa nyota tatu.

Nimezifuta. Kila nikikumbuka kile kicheko na uso wa wifi yangu, nyota zinaisha. Ningewaambia msikanyage pale, lakini mtaani kwetu kuna wazee wasio na gari, na hilo ndilo duka pekee wanalofika kwa miguu. Niwaambie wakanunue wapi? Basi kama huna budi, ipige picha lebo kabla kitu hakijaingia kwenye kikapu, usimame kwenye kaunta hadi bei irekebishwe, na foleni isubiri. Mimi hata kadi nitanunua kwingine, ghali iwe ghali.

Nyota moja, na hiyo ni ya dada wa kaunta.