TAHADHARI: Muuza "seti kamili" za ampu ya gitaa, mimi kashaniliza

Jamani naandika hapa harufu ya koili ya spika iliyoungua bado iko puani. Mimi ambaye huwa nawacheka watu wanaonunua vitu kwa kuangalia picha, safari hii nimelizwa, na nimelizwa kitaalamu kabisa. Ni yule muuza seti za ampu, yule wa video ya gitaa jekundu. Jina silitaji, mnamjua.

Kile kidude changu cha kwanza cha kukuzia sauti ya gitaa mnakijua, kile cha aisii (ile chipu ndogo inayokuza sauti) ya LM386 na betri ya volti 9. Hata wati moja hakifiki lakini kilipiga siku ileile nilipomaliza kukilehemu, na hapo ndo kichwa kikavimba nikajiona fundi. Sasa mazoezini, na yule mpiga dramu wetu (sisemi kitu), kile kidude hakisikiki hata kidogo, nikaanza kutafuta kikubwa, nikakutana na tangazo lake. Bodi ya aisii kubwa zaidi, TDA2050, transfoma ya volti 16-0-16, spika ya inchi 12 ya omu 8 (omu ndo kipimo cha ukinzani wa umeme), "wati 100 halisi, spika na bodi vimeshaoanishwa, kazi yako kulehemu tu". Hilo neno kuoanishwa ndo lilinimaliza, maana kitu nilichokuwa nakiogopa ni hichohicho, spika gani inakaa na ampu gani.

Na naomba nijitetee kidogo kabla hamjaanza kunicheka. Sikutuma hela kama mjinga. Nilimpigia nikampa swali la mtego, nikamuuliza fundi, spika ya omu 8 nikiipima na mita itaniandikia ngapi? Akajibu papo hapo, "Mkuu itasoma sita na kitu, usishtuke, mita inapima ukinzani wa waya wa koili tu, ile 8 ni pale muziki unapopita." Na ni kweli! Ndivyo ilivyo! Mimi nilijua tapeli ni mtu asiyejua anachouza, kumbe kuna tapeli aliyesoma somo vizuri kuliko mteja. Simu haijapoa nikawa nimeshatuma hela.

Mzigo ukafika. Transfoma nzito, nikafurahi. Spika ina stika imeandikwa omu 8 wati 100, imebandikwa upande upande hivi, nikapuuza. Nikapima. 3.4. Nikasema hapana, nikabadilisha betri ya mita, nikakwangua vituo vya spika kwa kisu, nikapima tena, 3.4. Nikampigia. Sasa sikilizeni hapa maana hapa ndo pananiuma mpaka leo. Akacheka kidogo, cheko la mtu mzima anayemwonea huruma mtoto, akaniambia "Si nilikueleza mkuu mita hainasi yote? Hiyo ni ya waya tu, muziki ukipita inapanda mpaka 8." Na mimi, ambaye mdomo huohuo ulishaniambia sita na kitu, nikajibu aaah sawa fundi, ahsante. AHSANTE! Nilimshukuru! Nikikumbuka usiku nageuka kitandani.

Usiku wa tatu nikamaliza kulehemu. Mlinisema sana kuhusu kuweka balbu ya nyuzi ya zamani mfululizo na waya wa umeme siku ya kuwasha mara ya kwanza, ili kukiwa na kosa iwake yenyewe badala ya kuungua vitu, sikuweka, najua, msirudie. Nikawasha, ikasema "tu!" kisha kimya na mvumo kidogo. Nikapiga uzi wa E, mlio mzito kama gitaa limefunikwa blanketi, nikajiambia utazoea. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili katikati sauti ikaanza kukwaruza, nikagusa hitisinki, lile bati la kupozea aisii, nikatoa mkono haraka, nikawaza ngoja nimalizie kiitikio. Kiitikio! Ghafla spika ikatema pwaa, koni ikaruka mbele ikabaki hukohuko, haikurudi, kama ulimi wa mtu aliyenyongwa, halafu moshi ukaanza kutoka katikati pale kwenye kikofia. Binti yangu akaja mlangoni akauliza, "Baba unapika nini?"

Kilichotokea nimekuja kukielewa baadaye. Ile aisii ilikufa ndani ikaunganisha umeme wa transfoma moja kwa moja mpaka kwenye spika. Transfoma ile baada ya daraja la diodi, linalogeuza umeme uwe kama wa betri, inatoa kama volti 22 kila upande, chanya na hasi. Volti 22 kwenye omu 3.4, pigeni wenyewe, ni zaidi ya wati 100 za joto tupu kwenye koili. Kwa hiyo wati 100 zake nilizipata. Fiusi aliyoniwekea sijui ilikuwa ya kuzuia nini, mpaka leo nzima.

Kesho yake nikachukua asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, nikasugua mgongo wa aisii na pamba. TDA2050 ikatoka yote ikahamia kwenye pamba. Chini yake kwa mbaaali inasomeka 2030. Mnaojua mnajua: 2030 mwisho wake ni volti 18 kila upande, 2050 ndo inavumilia mpaka 25. Yaani alinipa aisii ambayo hata nisingegusa nyuzi ingekufa siku moja tu, na juu yake akaibebesha nusu ya omu alizoniahidi, ambayo maana yake ni mkondo mara mbili. Nikabandua na stika ya spika. Chini yake omu 4. Spika ya besi ya gari! Na raba nene ile pembeni ya koni niliiona kwa macho yangu siku ya kwanza, spika ya gitaa koni yake nyepesi na pembeni ni karatasi au kitambaa, niliona nikadhani ndo ubora.

Na hizo wati 100 hata aisii ingekuwa halali zisingetoka. Chukua volti 22 zidisha kwa 22, gawa kwa mara mbili ya omu 8, yaani 16, unapata 30 na hapo hujatoa hasara yoyote. Hesabu ya dakika moja, sikuipiga, nilikuwa bize kutafuta rangi ya boksi. Halafu kabla ya kulipa nilimwomba picha ya mita ikiwa kwenye vituo vya spika, akasema kuna giza. Saa sita mchana.

Mtu huyu afungwe. Sitanii. Afungiwe chumba kimoja na ampu inayopiga filimbi, mchana na usiku, na swichi iwe nje. Maana nimeambiwa sasa anauza na seti za valvu, zile ampu za mtindo wa zamani zenye mirija ya kioo. Valvu jamani! Mle ndani kuna volti 300 na kuendelea, na kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi chaji, zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Mimi nimeunguza spika, kuna kijana ataingiza mkono mle akiamini maneno ya huyu mtu kwenye simu. Hela yangu hata asirudishe, akamatwe tu.

Nilipomtumia picha ya ile pamba akanijibu "pole mkuu, ulilehemu vibaya", kisha akanibloki. Juzi kwa simu ya mke wangu nimemwona amerudi na jina jipya. Video ileile, gitaa lilelile jekundu. Sasa hivi imeandikwa wati 150.