Kokorin na Mamaev: nani aliinuka baada ya jela?

Kosa lilikuwa moja. Oktoba 2018, jijini Moscow, wanasoka wa Urusi Aleksandr Kokorin wa klabu ya Zenit na Pavel Mamaev wa klabu ya Krasnodar walimpiga dereva, kisha wakazua vurugu mkahawani, ambako Kokorin alimpiga afisa wa serikali kwa kiti. Kokorin alihukumiwa miezi 18, Mamaev 17. Wote wakatoka Septemba 2019. (Ndio haohao waliozua gumzo kwa sherehe ya shampeni Monte Carlo baada ya Urusi kuaga Euro 2016!)

Mamaev, kiungo, alikwenda Rostov, nyota yake haikung'aa tena. Kokorin, mshambuliaji, alipita Sochi na Spartak, akafeli Fiorentina ya Italia, kisha akatwaa ubingwa wa Cyprus na Aris Limassol mwaka 2023. Kwangu Kokorin anashinda, ingawa kwa kipaji kile, Cyprus ni padogo.