Days of Wine and Roses (1962): muvi ya mke na mume walevi, imenikaa moyoni

Jamani hii muvi nimeiangalia wikiendi na bado inanizunguka kichwani. Ni ya zamani, 1962, nyeusi na nyeupe, kaiongoza Blake Edwards, na wanaocheza ni Jack Lemmon na Lee Remick, wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar ila tuzo ikaenda kwa wimbo wa Henry Mancini na Johnny Mercer.

Joe ni mtu wa mahusiano ya umma kule San Francisco, kazi yake kuwafurahisha wateja kwenye mapati kwa hiyo glasi haimtoki mkononi. Kirsten ni sekretari, pombe hagusi kabisa, yeye ugonjwa wake chokoleti tu. Sasa Joe anafanyaje, anamwagizia koktelii yenye ladha ya chokoleti, dada wa watu anaonja, anaona kumbe tamu, basi ndo ashaingia hivyo. Wanaoana, wanapata mtoto, Debbie, na hapo kwenye kulea Joe anarudi usiku kalewa anaanza kulalamika eti mke hanywi naye tena!! Niliumia sana, maana hamlazimishi kwa ngumi, anambembeleza kwa mapenzi, na mke kwa kumpenda mumewe anachukua glasi.

Ila sini ya banda la vioo ndo usiseme. Wamehamia kwa baba mkwe anayeotesha maua, wameacha pombe kwa muda, halafu Joe anaingiza chupa kwa siri. Moja kaificha kwenye chungu cha maua, usiku anaifuata keshalewa na haoni ni chungu kipi, anapasua kimoja baada ya kingine, anang'oa mimea ya mzee wa watu, anagaragara kwenye udongo analia. Lemmon pale haigizi ulevi wa kuyumbayumba kama tulivyozoea, ile ni arosto kabisa.

Kinachonichosha kidogo ni Jim, yule wa Alcoholics Anonymous, kile chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, anayemsaidia Joe, maneno yake mengine yamekuwa hotuba. Lakini huyo Joe anapona kweli, na aliyefundishwa kunywa ndo anabaki kwenye chupa, kwa sababu Kirsten hakubali kabisa kwamba anaumwa.

Mwisho anakuja usiku anataka warudiane, ila kuacha pombe moja kwa moja hawezi kuahidi, anasema dunia bila kinywaji anaiona chafu. Joe anakataa. Rafiki yangu niliyeangalia naye kasema huyo mwanaume katili, kamharibu mwenyewe halafu kamtupa. Mi nakataa, hajamtupa, mlango kamwachia wazi ila aje bila chupa, maana wakikaa pamoja wanaanza tena wote wawili na Debbie amelala chumba cha pili, nani angemlea huyo mtoto?